Maswali yenu mwezi huu: Kama tumetoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja kuhusu fuvu la Zinjanthropus, nikasema lilipatikana Olduvai mwaka 1959 na lina umri wa miaka kama milioni 1.75, basi, sikugusa dini hata kidogo. Lakini meseji zilizokuja karibu zote ni za dini na Darwin (yule Mwingereza wa nadharia ya mageuko, au evolusheni), nyingine zina hasira kweli kweli, kwa hiyo mwezi huu ukurasa wote nimewaachia nyinyi. Mimi ni muumini, kanisani naenda, na baiolojia nimeifundisha miaka mingi, kwa hiyo haya mambo siyaongelei kama mtu aliyesimama nje ya nyumba.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada mkubwa kwetu, tuko Morogoro. Mdogo wetu wa mwisho yuko chuo mwaka wa pili, likizo hii amerudi na mambo ya evolusheni. Tulikuwa tunatoka msibani Iringa, tukapita Mikumi wale nyani wamejaa pembeni ya barabara, baba (ni mzee wa kanisa) akamwambia "haya shuka ukawasalimie babu zako, mbona bado hawajawa watu?" Gari zima likacheka. Dogo akakasirika akamjibu baba kwamba sayansi imeshathibitisha Mungu hayupo na Biblia ni hadithi. Toka siku hiyo hawaongei, wiki ya tatu sasa, dogo chakula anakula chumbani. Mimi nimeishia form four, naona wote wawili kuna mahali wanakosea ila siwezi kusema ni wapi. Nani yuko sahihi?

Marhaba dada. Pole na msiba, na pole na hilo la nyumbani maana mtoto kula chumbani wiki tatu si jambo dogo.

Nianze na mzee. Hilo swali la nyani ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ukilisikia mara ya kwanza unaona limemaliza kila kitu, shida ni kwamba linapinga jambo ambalo hakuna mtu wa sayansi amelisema. Hakuna anayesema wale nyani wa Mikumi walikuwa babu zetu, nusu wakawa watu nusu wakakataa. Kinachosemwa ni kwamba sisi na wao tulikuwa na mababu wamoja zamani sana, zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, koo zikaachana, na kila ukoo ukaendelea kubadilika kwa njia yake. Nyani wa leo ni wa leo kama wewe. Wewe na mtoto wa mama yako mdogo mmetoka kwa bibi mmoja, sasa nani atakuuliza "kama umetoka kwa bibi, mbona huyo binamu yako bado yupo?" Walio karibu na sisi zaidi ni sokwe, wale wa Gombe na Mahale kule Kigoma, na hata hao sio babu zetu, tuliachana nao kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita.

Na lugha yetu nayo inachangia, hili nimeliona darasani mara nyingi. Bibi zetu walikuwa wanatofautisha vizuri tu nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega, komba, sokwe, sisi tumechukua "nyani" tukawabandika wote. Halafu tunasema "kugeuka". Mtoto aliyekulia kwenye hadithi za mtu anayegeuka fisi usiku, ukimwambia binadamu aligeuka kutoka nyani, anachokiona kichwani ni mnyama mmoja kalala na mkia kaamka hana, na lazima akatae, hata mimi ningekataa. Hakuna mnyama mmoja aliyewahi kugeuka. Kila mama alizaa mtoto anayefanana naye, tofauti ni ndogo ndogo sana, zikarundikana kizazi baada ya kizazi, maelfu kwa maelfu. Na neno "binadamu" lenyewe maana yake mwana wa Adamu, kwa hiyo ukisema tu "binadamu alitokana na" umeshaanzisha ugomvi kabla hujaeleza chochote.

Sasa dogo. Yeye amefanya kosa kubwa kuliko la baba yake, nalisema hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyefundishwa. Ameanza na swali la viumbe walibadilikaje, akamaliza na jibu la swali jingine kabisa, kwamba Mungu yupo au hayupo. Katikati hapo ameruka, hajaonyesha njia. Mwambie akutajie jaribio lililothibitisha kwamba Mungu hayupo, lilifanyika maabara gani, walipima nini. Hatalipata. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga elimu ya mageuko karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Orthodoksi. Francis Collins aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vya binadamu ni mlokole anayesema wazi imani yake. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 alisema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Na hapa tuwe makini, majina haya hayathibitishi kwamba Mungu yupo, mtu mkubwa anaweza kuamini akakosea. Yanathibitisha kitu kimoja tu, kwamba ile "ukikubali mageuko lazima umkane Mungu" sio kweli, maana wapo waliokubali na hawakumkana.

Ila siwezi kukudanganya dada nikakwambia dini na sayansi hazigusani popote, watu wengi wanalipenda hilo jibu maana linatuliza lakini ni la kukwepa. Mtu akisema dunia ina miaka 6,000, hapo ameongelea mawe, na mawe yanapimika. Pale Laetoli, hapa hapa Tanzania, kuna nyayo za zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, waliotembea wima kwenye majivu ya volkano yaliyolowa, ziligunduliwa mwaka 1978, umri wake kama miaka milioni 3.6. Unaona kisigino kilivyozama na kidole gumba kilivyosukuma mbele, kama mtu aliyepita kwenye tope la uwani kwako jana. Hilo haliwezi kukaa pamoja na miaka 6,000, lazima kimoja kipishe. Lakini muulize mzee hiyo 6,000 imeandikwa sura gani, mstari wa ngapi. Haijaandikwa. Ni watu waliojumlisha umri wa wazee wa kwenye Biblia, mmoja wao aliyejulikana sana ni James Ussher, askofu mkuu kule Ireland, ambaye mwaka 1650 alitoa hesabu yake kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kuipinga hesabu ya Ussher sio kumpinga Mungu.

Cha kufanya nyumbani: wakalishe wawili, wewe ukiwa katikati. Dogo aeleze kwa maneno yake baba anaamini nini mpaka baba aseme "ndiyo, hicho ndicho ninachoamini". Halafu mzee naye aeleze dogo anasema nini mpaka dogo aseme ndiyo. Kabla ya hapo hakuna kujibizana. Na dogo aanze kwa kuomba radhi, maana baba alitania lakini yeye alitukana kitu ambacho mzee amekishika maisha yake yote. Mzee naye ajue kwamba kuchekwa na gari zima mbele ya ndugu kunauma, mtoto hakukasirikia Biblia, alikasirikia kile kicheko.

Kaka mimi fundi magari Mombasa. Juzi nimefungua injini yote mpaka chini, pistoni, bering, gasketi, kila kitu na mahali pake. Nikawaza, hata kimbunga kipige gereji yangu miaka bilioni hakiwezi kuifunga hii injini. Sasa jicho la mtu ambalo ni gumu kuliko injini limejifunga lenyewe kwa bahati? Mimi siwezi kuamini.

Fundi, kimbunga hakiwezi kufunga injini, hilo tuko pamoja kabisa. Ila angalia tofauti mbili. Gari halizai. Ukipata Probox yenye breki nzuri kidogo haitakuzalia Probox nyingine zenye breki hizo. Viumbe vinazaa, na watoto wanarithi. Ya pili, kimbunga hakitunzi kitu, kikibahatika kuingiza boliti moja mahali pake, upepo unaofuata unaing'oa. Mageuko bahati imo ndani yake, kwenye mabadiliko yenyewe, lakini kinachobaki hakibaki kwa bahati, kinabaki kwa sababu kimemsaidia mwenye nacho akaishi na kuzaa.

Chukua dadu za ludo 10. Ukitaka zote zitoe sita kwa kurusha mara moja, nafasi yako ni moja kati ya zaidi ya milioni 60. Lakini ukiruhusiwa kuziacha zilizotoa sita na kurudia zilizobaki tu, utamaliza kwenye mara 15 au 20 hivi, jaribu na vijana wako hapo gereji. Mfano huu haujakamilika, nakubali, maana wewe unajua unatafuta sita wakati asili haina sita inayoitafuta, lakini unaonyesha kwanini "ni bahati tupu" sio maelezo sahihi ya kinachosemwa.

Jicho Darwin mwenyewe alilitaja kwenye kitabu chake cha mwaka 1859, alikiri kwamba kusema limetokana na uteuzi wa asili (ndiyo huko kubaki kwa kinachomsaidia mwenye nacho) kunasikika kama upuuzi mkubwa. Watu wanaipenda sana hiyo sentensi wanaisambaza, wanakata hapo hapo. Sentensi inayofuata anaanza kueleza kwamba linaweza kupita ngazi kwa ngazi, na ngazi zenyewe tunaziona: kuna viumbe wenye kidoa tu kinachohisi mwanga na giza, kuna minyoo bapa ambao kidoa kimebonyea kama kijiko wakajua mwanga unatoka upande gani, kuna nautilus, ndugu wa pweza, ana jicho la tundu bila lenzi, halafu kuna pweza wenyewe mnaowajua hapo pwani, ana lenzi kamili. Hao wote wapo leo na kila mmoja jicho lake linamfaa. Kumnukuu mtu nusu halafu ukasema amekiri kushindwa ni kumsingizia, hata kama nia yako ni kutetea dini.

Halafu jaribu hili leo jioni. Kwenye karatasi chora msalaba kushoto na doti kulia, viachane kama sentimita 8. Funga jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, ianze mbali halafu isogeze taratibu usoni. Ikifika sentimita 30 hivi doti inapotea kabisa, karatasi inabaki nyeupe. Ni kwa sababu kwenye jicho letu nyaya za neva zimepita mbele ya sehemu inayonasa mwanga, lazima zitoboe mahali zirudi nyuma, na pale zinapotoboa huoni kitu. Pweza hana hilo doa, nyaya zake zimepita nyuma tangu mwanzo. Kwa mageuko hii inaeleweka, kila ukoo ulijenga juu ya kile ulichokuwa nacho. Lakini nimeshamsikia mtu akitoa mfano huu kisha akasema "unaona, Mungu angekuwepo asingetengeneza hivi". Hapo na yeye ameshatoka kwenye sayansi, ameanza kutuambia Mungu angefanya nini, na hilo amelijulia wapi?

Hujauliza uhai wenyewe wa kwanza ulianzaje ila najua ndilo linalofuata. Hilo bado halijapatiwa jibu, mageuko yanaanzia pale ambapo tayari kuna kitu kinachojizalisha. Anayesema "hamjui kwa hiyo ni Mungu" anamfanya Mungu akae kwenye mashimo ya elimu yetu, na kila shimo likizibwa Mungu anahama, mimi kama muumini sitaki kumweka hapo. Anayesema "siku moja sayansi itaeleza kwa hiyo Mungu hayupo" naye anajenga hoja ya leo kwa ushahidi ambao bado hana.

Assalaam alaykum. Barazani kwetu Unguja mmoja anasema mageuko Waislamu waliyajua kabla ya Darwin, akamtaja al-Jahiz, na kwamba yamo kwenye Qur'ani. Mwengine anasema Darwin kafiri kwa hivyo hakuna la kusikilizwa kwake. Sheikh mwalimu, unasemaje?

Waalaykum salaam. Mimi sio sheikh, na nani amekufuru nani hajakufuru hayo waulizeni wanazuoni wenu, sitayagusa. Naongelea hoja tu.

Al-Jahiz alikuwepo kweli, mtu wa Basra, alifariki karibu mwaka 868, na kitabu chake kikubwa cha wanyama kinaeleza jinsi wanyama wanavyowindana na kugombea chakula. Ni kazi ya kujivunia. Lakini kutoka hapo mpaka kusema alishamaliza alichosema Darwin miaka 1,000 baadaye, hapo mnaongeza chumvi, na mtu akienda kusoma akaona hakipo mlichosema atawadharau hata kwenye la kweli.

Kuhusu kuitafuta sayansi ndani ya aya, nina wasiwasi, na Wakristo wanafanya vile vile na siku sita za Mwanzo. Sayansi inajirekebisha, ndiyo kazi yake. Ukishaapa kwamba aya hii maana yake ni nadharia ile, siku nadharia ikirekebishwa utarekebisha na aya? Utaona watu hao hao walikuwa wanasema kitabu kinapinga mageuko, mageuko yakikubalika wanasema kilikuwa nayo tangu zamani. Hoja ambayo inashinda matokeo yakiwa hivi na inashinda matokeo yakiwa vile haijatuambia kitu.

Huyo wa pili mwambie aljebra tumeipata kwa al-Khwarizmi, Mwislamu wa Baghdad, na watoto wa Kikristo wanaisoma kila siku na inawapa majibu sahihi. Dini ya aliyesema haiwezi kukujulisha kama alichosema ni kweli, inabidi uangalie alichokisema.

Mwanangu, mimi nesi mstaafu, Mtwara. Mabadiliko madogo nayakubali, hata sisi wadudu wa malaria tuliwaona wakiizoea dawa. Lakini mbwa anabaki mbwa na mtu anabaki mtu. Hayo makubwa nani kayaona?

Shikamoo mama, na asante kwa kazi mliyofanya. Utakuwa umegawa klorokwini nyingi sana wewe, vile vidonge vichungu ambavyo watu walikuwa wanajikuna usiku kucha, mpaka 2001 mkaambiwa basi, ikaja SP, nayo ikachoka, ikaja dawa ya mseto. Vimelea havikujifunza kuizoea dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Kati ya mamilioni palitokea wachache wenye jeni iliyobadilika ambao klorokwini haikuwaua, wenzao wakafa, hao wakazaana. Malawi waliacha klorokwini 1993, na miaka iliyofuata wale vimelea wa zamani ambao dawa inawaua wakarudi kuwa wengi, kwa sababu dawa ilipoondoka ile jeni haikuwa na faida tena.

Na niseme ukweli mama, watu wa upande wangu hapa huwa wanakosea, wanatoa mfano wa malaria halafu wanaruka moja kwa moja mpaka sokwe kana kwamba la kwanza limethibitisha la pili. Halijathibitisha. Limeonyesha jinsi mabadiliko yanavyofanya kazi, kuhusu undugu wetu na sokwe unahitajika ushahidi mwingine, wa peke yake.

Upo. Mbuzi wako hali chungwa na fizi hazimtoki damu, kwa sababu mwili wake unatengeneza vitamini C wenyewe. Sisi hatuwezi, ndiyo maana mlikuwa mnawahimiza kina mama matunda na mboga. Lakini ile jeni ya kutengenezea vitamini C tunayo, imo ndani yetu, imeharibika tu. Sokwe nao, nyani nao, wanayo na imeharibika. Ukikuta wanafunzi wawili wamekosa swali moja, kosa lile lile, mahali pale pale, utasema nini? Halafu kromosomu, yaani vile vifurushi vinavyobeba jeni, sokwe ana jozi 24 sisi 23, na ile kromosomu yetu ya pili ukiisoma unaona ni mbili zilizoungana, katikati yake kuna mabaki ya vile vifundo ambavyo kawaida hukaa mwishoni. Kuona kwa macho jambo likitokea sio njia pekee ya kulijua mama. Wewe mwenyewe ukikuta kovu la chanjo begani kwa mtu mzima ulijua alichanjwa utotoni, hukuwepo siku ile.

Shikamoo mwalimu, niko form four Tabora. Maswali yangu: 1) si ni nadharia tu? 2) Tumeambiwa Darwin alitubu alipokuwa anakufa. 3) Kuna fuvu Uingereza lilikuwa feki, kwanini tuamini la Olduvai? 4) Mimi siamini evolusheni, kwenye mtihani niandike nini ili nisimkosee Mungu?

Marhaba mwanangu. Chuo cha udereva wana nadharia na vitendo, kwa hiyo tumezoea kwamba nadharia ni maneno na vitendo ndio ukweli. Kwenye sayansi nadharia ni maelezo yaliyobeba ushahidi mwingi, kwamba magonjwa yanasababishwa na vijidudu nayo ni nadharia na bado unanawa mikono. Ila usigeuze ukasema kwa kuwa inaitwa nadharia basi ni kweli, jina halibebi ushahidi.

Darwin alikufa 1882. Habari ya kutubu ilichapishwa Marekani mwaka 1915, na binti yake Henrietta aliyekuwepo baba yake akifa aliikanusha 1922. Na hata angetubu, zile nyayo za Laetoli zingefutika?

Fuvu la Piltdown lilitangazwa 1912, ni kweli lilikuwa feki, fuvu la mtu limewekewa taya la orangutani meno yakachongwa. Wanasayansi wenyewe ndio waliolipima upya wakalitangaza feki, 1953. Noti feki moja sokoni haizifanyi noti zote kuwa feki, inakufundisha kuzikagua, na lile la Olduvai limekaguliwa sana, lipo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Ila ukisikia Zinjanthropus ndiye babu yetu usiandike hivyo, yule ni tawi la pembeni lililokufa bila kuacha uzao.

La nne ndilo limenigusa. Swali la mtihani halikuulizi unaamini nini, linasema eleza. Kueleza mtu mwingine anasema nini sio kuungama, mchungaji wako akihubiri juu ya Farao anaeleza Farao alisema nini na hakuna anayemwona amekuwa Farao. Eleza uteuzi wa asili vizuri, taja Darwin, taja 1859, toa mfano wa klorokwini, pata maksi zako zote. Kuamini au kutokuamini utakuja kuamua mwenyewe, taratibu, na ukifika siku hiyo angalau utakuwa unajua unachokikataa ni kitu gani.